Mlango wa Nyuma Uko Wazi

Jumamosi, 3 Mei

Leo tumeanza tamthilia. Fupi, kurasa kumi na nne tu, lakini Mwalimu Mukami anasema ndani yake mna swali la alama ishirini. Ni ya Kiingereza, bila shaka. Nini kingine kingenifunga mimi, mzee wa miaka hamsini na mmoja, kwenye kiti cha plastiki cha ukumbi wa Kaloleni Jumamosi nzima?

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanamume amepanga chumba kwa mjane mmoja. Nje mvua inanyesha. Mjane anapika, anapiga domo, anacheka. Yule mwanamume anajua jioni hiyo polisi watakuja kumchukua. Mjane hajui lolote. Basi! Kurasa kumi na tatu mtu anangoja mlango ugongwe. Kijiko kikianguka, anaruka. Paka akilia, anaruka. Celine, muuza mitumba, alikuwa anasoma maneno ya mjane, akafika pahali pa kuweka sufuria chini, akapiga meza kwa kiganja – nikaruka mimi. Kitabu kikaanguka.

"Baba Nthoki, ni wewe wanayemtafuta?" Celine akauliza.

Darasa likacheka. Nikacheka pia. Mimi hucheka sana, ndiyo kazi yangu ya pili.

Kisha Mwalimu akauliza: nyumba ina mlango wa nyuma, na tumeambiwa uko wazi. Kwa nini huyu mtu asikimbie? Nikainua mkono. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kupapasa, kwamba ni kwa sababu ya mvua.

Loo! Ondiek, anayeendesha lori la mkate, alicheka mpaka akatoa leso. "Mzae, umetumaliza!" Mwalimu mwenyewe – msichana wa miaka ishirini na sita, ana adabu zake – aligeukia ubao na mabega yakawa yanatikisika. Alama tatu kwa kumi. Moja nadhani ni ya huruma.

Nyumbani mke wangu Kathini aliuliza kikao kilikwendaje. Tangu Machi nimemwambia Jumamosi nina kamati ya mazishi. "Huyu maiti wenu hazikwi?" Nikasema familia bado inavutana. Akanifunulia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, aliokuwa ameniwekea. Nilikula nikiwa nimeangalia sahani tu.


Jumapili, 4 Mei

Nimekaa sebuleni baada ya kanisa nikakiangalia. Kiko juu ya televisheni, upande wa kulia wa picha ya harusi. Fremu ya rangi ya dhahabu, Kathini aliichagua mwenyewe. Cheti cha kidato cha nne. Nyamai – majina yangu yote matatu. Kiingereza: B.

Nilitoka shule kidato cha pili, mwaka ambao tezo ilimkata baba vidole vitatu. Mchonga vinyago bila vidole ni mzee wa kukaa tu. Nikaja Nairobi. Nikaonyeshwa jamaa mmoja mwenye chumba na mashine ya kupiga chapa. Akaniuliza, kama anayeuliza sukari ngapi kwenye chai: Kiingereza nikuwekee nini? Nikasema B. A nilihofia nitaonekana mlafi.

Ni hapa tu ninapoliandika. Daftari hili nikiwa na la kuandika hulibeba mkobani; vinginevyo linalala masjala, kazini, nyuma ya faili za wastaafu. Hakuna anayefungua faili za wastaafu. Hata wastaafu wenyewe wamechoka kuuliza.

Najua cheti cha mwaka huu hakiwezi kufunika kile cha zamani. Si mjinga kiasi hicho. Lakini Januari mwanangu Nthoki aliniletea insha yake ya Kiingereza nimsahihishie. Nikamwambia mwanafunzi mzuri hatafuniwi. Akasema, "Sawa, Baba." Akainua macho akaangalia ile fremu. Hajaniletea insha tena.

Mwezi wa tatu nikajiandikisha.


Jumatatu, 5 Mei

Siamini. Siamini!

Barua imetoka leo. Wafanyakazi wote vyeti vyao vitahakikiwa. Masjala – yaani mimi – itoe kila faili, itengeneze nakala ya cheti kilichomo, iandae orodha. Halafu kila mtu alete cheti chenyewe halisi kufikia Ijumaa tarehe ishirini na tatu. Mkaguzi ni Bwana Muse, mtu mtaratibu, miwani inaning'inia kwa kamba. Alikuja kunisalimia chini masjala. Akasema amesikia hapa hakujawahi kupotea karatasi.

Nikasema, "Karibu sana."

Karibu sana! Kama nimemkaribisha harusini.


Jumamosi, 10 Mei

Tumegawiwa sehemu. Mwalimu anataka tuigize mbele ya watu tarehe ishirini na nne, hapa hapa ukumbini, kila mtu alete jamaa zake. Anasema mtu mzima akisema maneno kwa mdomo hayasahau. Mjane ni Celine. Mpangaji ni Ondiek. Mimi – kwa sauti yangu ya kwaya na tumbo langu la kiaskari – ni yule anayekuja kumchukua. Sionekani mpaka mwisho. Nagonga mara tatu, naingia, nasema mistari miwili. Hata mimi siwezi kuikosea, nadhani.

Mwalimu akatueleza kosa la yule mtu, linatajwa ukurasa wa mwisho. Jina analotumia si lake. Alilichukua zamani, likamzoea, akalizoea. Hajaua mtu.

"Ni hilo tu?" Ondiek akalalamika. "Mimi nilidhani amechinja mtu, Mwalimu! Sasa si angemwambia tu huyo mama?"

"Amwambie lini?" nikauliza. Ilitoka yenyewe.

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza alikuwa anatafuta chumba."

Mwalimu akaniangalia. Akasema Bwana Nyamai, hilo liandike. Sikuliandika.


Jumatano, 14 Mei

Nimefika herufi N.

Faili yangu. Kurasa arobaini na mbili. Cheti ni ukurasa wa saba. Niliifungua mchana, wote wakiwa wamekwenda kula. Ningeweza kuuchomoa huo ukurasa kwa vidole viwili.

Lakini kila karatasi ina namba, kwa wino mwekundu, pembeni juu. Sita, saba, nane. Ukichomoa saba, sita na nane zinakushtaki. Nani alileta utaratibu huu ofisini? Nani alipewa barua ya pongezi mwaka wa 2009 kwa kuuleta? Barua yenyewe imo. Ukurasa wa ishirini na tatu.

Nikatoa nakala. Nikaiweka kwenye kisanduku cha Bwana Muse, kati ya Mutuku na Ochieng. Mkono ukatoka mtupu.


Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi Kathini ameniita chumbani. Ameshika tamthilia – iliangukia nyuma ya kiti, mimi na uzembe wangu. Imejaa mwandiko wangu pembeni.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe hakuna mazishi!"

Nikafungua mdomo. Sasa, nikajiambia. Sasa.

"Unafundisha," akasema.

Nikaufunga.

"Baba Nthoki, mbona unanificha jambo zuri? Unafundisha watu wazima Kiingereza bure, halafu unasema ni mazishi! Unaona haya ya nini?" Machozi yalimlengalenga. Akanishika shavu. Hajanishika shavu tangu Nthoki alipokuwa ananyonya.

Nikasema, Mungu anisamehe: "Nasaidiasaidia tu."

Nasaidiasaidia! Nikienda Kaloleni nilikuwa najirudia hilo neno njiani kama kichaa.

Darasani Mwalimu akarudia swali lake, tuandike: kwa nini asikimbie? Nikaandika mistari minne bila kufuta. Nikaandika kwamba mjane amemwekea chakula. Kwamba akitoka mlango wa nyuma, kile chakula kitapoa juu ya meza, na yule mama atakaa hapo akiangalia mlango, akidhani mtu wake amepatwa na ajali. Kwamba kukamatwa ni aibu, lakini hicho ni kitu kingine.

Nane kwa kumi. Alama ya juu darasani. Ondiek alinipigia saluti. Mwalimu Mukami akaisoma kwa sauti na mwishoni sauti yake ikashuka kidogo.

Daima nilitaka kujua mtu akipata nane kwa kumi anasikiaje. Nilienda nikasimama chooni mpaka nikapumua sawasawa.


Jumapili, 18 Mei

Kathini ametangaza kanisani. Wakati wa matangazo! Alisimama akasema mume wake ana karama ambayo ameificha kama taa chini ya pishi, anafundisha Kiingereza Kaloleni, na Jumamosi ijayo wanafunzi wake wanaigiza, akina mama wote mnakaribishwa. Vigelegele. Mchungaji akaniomba nisimame nionekane.

Nilisimama.

Truphena wa ofisi ya wafanyakazi, tunayeabudu naye, alipiga makofi kuliko wote. Nje akanivuta kando. "Mwalimu! Na cheti chako utaniletea lini? Wewe ndiye umebaki na watu wawili."

"Nimesahau nyumbani."

"Usisahau. Huyu Muse hana mchezo."


Jumanne, 20 Mei

Nimesahau tena. Nimemwambia Truphena funguo za nyumba aliondoka nazo Nthoki. Kesho nitasema mvua. Mvua nimeizoea.


Alhamisi, 22 Mei

Nilijipanga kumwambia leo baada ya chakula. Niliandika hata maneno ya kuanzia kwenye kiganja, kama mtoto wa kuibia mtihani – ambayo ndiyo hali yangu, mtoto wa miaka hamsini na mmoja. "Mama Nthoki, kuna jambo." Hilo tu. Mengine niliona yatajisukuma yenyewe.

Nthoki akaja na kitabu. Mezani, bila kuitwa. "Baba, Mama amesema unafundisha tamthilia. Sisi pia tunafanya moja. Nisaidie kidogo? Wanauliza, mwandishi anafanyaje uanze kuwa na hofu?"

Nikajibu! Nilijua! Nikamwambia hofu haitoki kwa anayekuja, hofu iko kwenye vitu vidogo vya ndani ya nyumba, kijiko, sufuria, kwa sababu wewe unajua na yule mwingine hajui. Akawa anaandika mbio. "Baba! Hata mwalimu wetu hajasema hivyo." Kathini amesimama mlangoni mwa jikoni na taulo begani, anatuangalia sisi wawili, uso umefunguka kama dirisha.

Ukiwa na saa moja kama hiyo utaivunja kwa mkono wako mwenyewe?

Nimenawa mikono. Maneno ya kiganjani yametoka na sabuni.


Ijumaa, 23 Mei

Niandike polepole.

Saa nne na nusu Truphena alishuka masjala anacheka. "Wewe una mke, ndugu yangu. Una mke! Wengine tuna wapangaji."

Nikauliza kuna nini.

"Nilimpigia simu jana. Nikamwambia huyu mzee wako atafukuzwa kwa usahaulifu, leo ndiyo mwisho. Amekileta mwenyewe. Yuko juu kwa Muse."

Ngazi za masjala ni ishirini na mbili. Sikumbuki hata moja.

Kathini alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Muse. Amevaa nguo ya kanisani, ile ya kola nyeupe, na viatu vya kisigino. Magotini ameshika fremu, imefungwa kwa leso yake nzuri, ile ya harusi ya dada yake. Nikashukuru Mungu. Nikajua bado hajaitoa.

Kisha akaifungua leso anionyeshe. Fremu ilikuwa tupu. Kioo, na nyuma yake ubao wa kahawia.

"Karatasi wamechukua, fremu wamenirudishia," akasema. "Niliitoa misumari kwa kisu cha mkate. Nusura nikate kidole! Ulikuwa umeipigilia mwaka gani, Baba Nthoki?"

Alikuja kwa miguu kutoka kwetu Mowlem mpaka stendi, akiogopa kioo kuvunjika. Amekibeba kama mtoto aliyeugua.

Akanieleza yote, kwa furaha. Kwamba Bwana Muse ni mtu wa heshima sana. Kwamba alimpa chai. Kwamba alikichukua cheti akakisoma, akakigeuza nyuma, akakiinua dirishani juani, akakiangalia hivyo muda mrefu. "Nikamwambia, usishangae, huyo Kiingereza kiko kwa damu! Saa hizi anafundisha watu wazima. Akaandika."

"Akaandika nini?"

"Akaandika tu. Akaniuliza unafundisha wapi. Nikamwambia Kaloleni."

Mlango ukafunguka. Bwana Muse, miwani puani. Hakunikazia macho. Aliangalia tai yangu. Akasema, "Bwana Nyamai, Jumatatu saa tatu uje kwangu. Na ukitaka, uje na mtu wa chama."

Akamgeukia Kathini akainamisha kichwa. "Asante, mama. Umetusaidia sana."

Ngazini Kathini akaniuliza chama gani. Nikasema chama cha wafanyakazi, ni utaratibu. Akasema labda wanataka kunipandisha cheo na chama lazima kiwepo. Nikasema labda.

Nilimsindikiza mpaka getini. Akaniachia ndizi mbili alizonunua njiani. Nikamtazama akienda, fremu tupu kwapani, leso inapepea.

Sina hasira naye. Ningekuwa na hasira ningepata pa kushika.

Jioni nimekuta ameirudisha ukutani, hivyo hivyo tupu. Upande wa kulia wa picha ya harusi. "Nisije nikasahau mahali pake," akasema. "Wakimaliza nacho tutakirudisha."


Jumamosi, 24 Mei

Saa tisa na dakika kumi. Naandika nimesimama, daftari juu ya goti lililokunjwa kwenye sanduku. Nililitoa masjala jana. Sikuona haja ya kuliacha huko tena. Mikono inataka kazi.

Niko jukwaani, upande ambao watu hawaoni. Mbele yangu kuna mlango. Fundi wa hapa Kaloleni ametutengenezea, umesimama peke yake bila ukuta, umeshikwa na mbao mbili. Kuna tundu la kitasa. Kupitia hilo namwona Ondiek amekaa mezani, jasho linamtoka kweli. Namwona Celine na sufuria. Wanafanya vizuri! Watu wamenyamaza.

Na safu ya kwanza namwona Kathini. Akina mama wa kanisa kumi na mmoja, leso za aina moja. Wamekuja kumwona mwalimu. Asubuhi alininyoosha kola. "Muthokoi wako nimeshauweka," akasema. "Ukirudi umechoka utaukuta."

Mwalimu Mukami amechapisha karatasi, amegawa kwa kila mtu. Nimeipata moja hivi punde. Juu: jina la tamthilia. Chini: majina yetu, na mbele ya kila jina neno moja, mtahiniwa, na mwaka huu. Mimi ni wa mwisho kwenye orodha, nadhani kwa kuwa ndiye wa mwisho kuingia. Na tukimaliza, amesema, kila mmoja asogee mbele atamke jina lake na mtihani anaofanya, kwa Kiingereza, kwa sauti, bila aibu. "Mnastahili kujivunia," amesema. Ana moyo mzuri huyu msichana. Wote wana moyo mzuri. Ndiyo shida yenyewe.

Kathini ameikunja ile karatasi imekuwa feni. Anajipepea.

Sasa ameikunjua. Anaiweka mbali, anaivuta karibu. Miwani! Ameacha miwani kwenye mkoba ule mwingine.

Jukwaani mjane analalamikia mvua. Wamebaki ukurasa mmoja.

Kathini amempa Truphena karatasi amsomee. Truphena anaanza juu, na kidole. Midomo inakwenda. Kidole kinashuka. Celine – Kathini anamtafuta Celine jukwaani, anaitikia kwa kichwa, ndiye. Kidole kinashuka. Ondiek. Ndiye.

Naweza kwenda. Nasema tu. Nyuma yangu mlango wa ukumbi umefunguliwa hewa iingie. Kuna uwanja, kuna mama anaanika nguo, kuna njia inayokwenda mpaka Jogoo Road. Hatua nane. Nimezihesabu, mimi hata uoga wangu lazima niuwekee namba.

Kipande cha mbao cha kugongea kimelowa mkononi.

Kidole cha Truphena kimesimama. Kimesimama mwisho wa karatasi. Anamwangalia Kathini. Hajasema.

Celine anaweka sahani mezani. Ondiek hatazami mlango. Mjane anasema ile sentensi yake, kwamba chakula chako nimekitenga, kula kabla hakijapoa – na kimya. Hapo ndipo pangu. Hapo ndipo nagonga. Ondiek ananingoja. Ukumbi mzima unaningoja.

Celine amefunika sahani. Anaangalia mlango.

Mlango wa nyuma uko wazi. Na mvua hakuna.